Kifaru cha Barazani



Baada ya Krismasi nilijikuta matatani kwa sababu ya kifaru. Sisemi mnyama wa porini, bali kile cha vita, tena cha plastiki, ambacho urefu wake haufiki shubiri moja. Mjukuu wangu aliletewa boksi na jamaa aliyerudi safarini. Ndani mlikuwa na vipande vingi vidogo vidogo, pamoja na karatasi ya maelekezo. Kazi hii inapendwa sana ng'ambo. Kampuni kama Tamiya ya Japani na Airfix ya Uingereza zimetengeneza vifaa vyake kwa miaka mingi, na wanaoifanya si watoto tu. Watu wazima hukesha wakikata, wakigundisha na kupaka rangi.

Tulikaa barazani siku nne, babu na mjukuu. Nakiri kwamba nilifurahi. Mtoto asiyeweza kutulia robo saa kanisani alitulia saa tatu akipaka gurudumu moja. Tulipofika kwenye matope aliniuliza, "Babu, matope ya vita yana rangi gani?" Tukachukua udongo wa Ruvuma, tukauchanganya na rangi, tukapaka minyororo ya chini. Ilipendeza kweli.

Siku ya tano alipita mama mmoja ambaye kwao ni Kitaya. Akatazama kile kitu kikikauka juu ya meza, akasema, "Shikamoo, Mwalimu. Kumbe na ninyi mnaunda haya?" Niliitikia salamu, lakini swali sikulijibu. Akaongeza kwa sauti ya chini, "Mimi hadi leo nikisikia lori usiku, siwezi kulala." Kisha akaenda zake.

Wenyeji wa Mahurunga hawahitaji kuelezwa habari za Kitaya. Vita vya Cabo Delgado vilianza Oktoba 2017, na Oktoba 2020 watu wenye silaha walitoka ng'ambo ya mto wakaingia kijijini humo, wakaua, wakachoma nyumba. Basi swali la mama yule si dogo. Je, ni halali Mkristo akifanya chombo cha kuulia kuwa pambo na burudani, wakati jirani yake bado anaweweseka usiku?

Jibu la kwanza lililonijia lilikuwa la kujitetea. Nilimkumbuka Mtume Paulo. Alipowaandikia Waefeso akiwa mfungwa, alitaja silaha za askari moja moja: mshipi, dirii, ngao, chapeo na upanga. Aliyezitaja kwa mpango namna ile hakuogopa kuzifikiri. Akazigeuza kuwa mafundisho ya imani, haki na amani. Basi kukijua chombo cha vita si sawa na kuipenda vita. Tena hatuwezi kusahau kwamba Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalipoivamia Kagera, jeshi letu lilikwenda na vifaru pia, na sisi vijana wa chuo cha ualimu tulilishangilia. Chuma kile kile huweza kumtisha mmoja na kumlinda mwingine.

Utetezi huo ni wa kweli, lakini haukunituliza, kwa sababu ulinikumbusha jambo ambalo sijapata kuliandika.

Chuoni tulifundishwa sana kutengeneza zana za kufundishia. Tulifinyanga milima, tukaunda moyo wa mwanadamu kwa maboksi, tukachora mito. Wakufunzi wetu walisema kwamba zana njema huleta darasani kitu kisichoweza kuletwa chenyewe. Nililishika neno hilo, nikapata nalo alama nzuri.

Halafu mwaka 1986, nikiwa mwalimu kijana, nilikuwa na mwanafunzi aliyetoka Msumbiji na wazazi wake wakati wa vita vya kule. Alikuwa mkimya. Siku moja nilimkuta chini ya dawati akifinyanga lori la jeshi kwa udongo, na ndani yake amesimamisha vijiti vinane. Nilikasirika. Nilisema mbele ya wote kwamba shule si kambi, nikalikanyaga. Hakulia. Aliokota vijiti vyake, akavihesabu, akavitia mfukoni. Baadaye baba yake alinieleza kwamba kaka wa mtoto yule alichukuliwa pamoja na wenzake saba katika lori la namna ile, wasionekane tena.

Mtoto yule alikuwa ameleta darasani kitu kisichoweza kuletwa chenyewe. Mimi niliyepata alama nzuri za zana sikuitambua zana iliyokuwa mbele yangu.

Kwa hiyo siwezi kuungana na wale wanaotaka watoto wapigwe marufuku kufinyanga magari ya vita. Watoto wa mpakani wameona magari ya jeshi yakipita na wamesikia wakubwa wakinong'ona. Mikono yao lazima iseme. Lakini pia siwezi kusema kwamba kila kifaru cha mezani ni salama. Lori la mwanafunzi wangu lilikuwa na kitu ambacho kifaru chetu cha barazani hakikuwa nacho. Lilikuwa na watu.

Niwekeeni hesabu kidogo, maana ualimu haunitoki. Vifaru vingi vya mezani huundwa kwa kipimo cha moja kwa thelathini na tano. Kifaru cha Kichina cha Type 59, ambacho jeshi letu lilikuwa nacho miaka ile ya Kagera, kina kiwiliwili cha mita 6 hivi na uzito wa tani 36. Kwa kipimo hicho urefu huwa sentimita 17. Uzito, kama tungetumia chuma kile kile, haufiki kilo moja. Mtu mzima huwa mfupi kuliko kidole cha kati. Kila kitu kinapungua, na hapo ndipo hatari ilipo. Uzuri wa kazi unabaki na kutisha kunapotea, hata mtu akadhani ameijua vita kwa kuwa amejua rangi ya matope yake.

Tena tunachagua cha kuunda. Katika vita ya 1914 hadi 1918, Wareno waliitwaa Kionga, ng'ambo ya mto wetu, mwaka 1916. Novemba 1917 jeshi la Wajerumani chini ya Lettow-Vorbeck liliuvuka Ruvuma likaingia Msumbiji. Mizigo ya vita ile ilibebwa zaidi na nini? Mabega ya watu. Wapagazi walikufa maelfu kwa maelfu kwa njaa, homa na uchovu. Nendeni Dar es Salaam mkaitazame Sanamu ya Askari iliyowekwa mwaka 1927: aliyesimama juu ni askari na bunduki yake, na mpagazi yumo katika maandishi ya chini tu. Chombo kikuu cha vita katika nchi yetu kilikuwa mwanadamu, lakini huyo hawekwi juu ya meza.

Sasa nilifanya nini? Kwanza nilikiondoa kifaru barazani. Paulo huyo huyo aliwaambia Wakorintho kwamba chakula kinaweza kuwa halali, lakini nikiacha kukila kwa ajili ya dhamiri ya ndugu yangu sipungukiwi kitu. Baraza langu liko njiani, na njia ni ya watu wote. Kisha nilikwenda kwa mama yule kumwomba radhi. Alinikaribisha, akanipa uji, akasema, "Mwache mtoto aunde, Mwalimu. Ila umwambie."

Nimelichukua neno hilo kuwa jibu. Nimemwambia mjukuu wangu habari za Kitaya, za vijiti vinane, na za wapagazi. Tumekubaliana kwamba kila akiunda gari la vita atajibu maswali matatu: ndani yumo nani, mbele yake yuko nani, na nani hakurudi nyumbani. Juzi alichukua udongo wa mtoni akafinyanga mwanamke mwenye mzigo kichwani, urefu wa kidole, akamweka mbele ya kifaru. Si mzuri sana, shingo imepinda. Lakini sasa kila anayeingia chumbani humwuliza yeye ni nani, na mtoto huanza kueleza.

Wazazi wenzangu, msiyakanyage yanayofinyangwa na watoto wenu. Kaeni chini, mwaulize.