Jiji lina haki ya kumlazimisha machinga kujiandikisha?

Baada ya swala ya Isha, wazee wawili wa msikitini kwetu walibishana barazani. Mmoja alisema Jiji la Dar es Salaam lina haki ya kumtaka kila mfanyabiashara, hata muuza karanga, aandikishwe. Mwenziwe akasema riziki inatoka kwa Allah (s.w.), na mja hahitaji kibali cha mja mwenzake ili ale jasho lake. Nikatakiwa niamue, eti kwa kuwa mimi ni ustadhi.

Katika fiqhi, asili ya biashara ni halali. Anayetaka kuizuia au kuiwekea sharti ndiye anayetakiwa kuleta hoja, si muuza karanga. Hapo mzee wa pili yuko sawa. Lakini soko la Waislamu halijapata kuwa soko lisilo na mwangalizi. Imepokelewa kuwa Mtume (s.a.w.) alipita sokoni, akaingiza mkono katika lundo la nafaka, akakuta chini kuna unyevu. Akamuuliza mwenye mali, naye akajibu kuwa ni mvua. Mtume (s.a.w.) akamtaka auweke juu ule uliolowa ili watu wauone. Baadaye dola za Kiislamu zikawa na muhtasibu, kazi yake kukagua vipimo, mizani na udanganyifu.

Msomaji zingatia: mwenye nafaka alikuwepo na alijulikana, akaulizwa akajibu. Mwaka mmoja niliuziwa simu pembeni mwa barabara. Nilipofungua boksi nyumbani nikakuta kipande cha sabuni. Kesho yake nilirudi palepale. Hakuna aliyemjua yule kijana. (Mke wangu alicheka siku mbili.) Mnunuzi naye ana haki, na haki yake hupotea pale muuzaji anapokuwa hana jina.

Basi mzee wa kwanza ameshinda? Bado. Kuna kuandika kwa ajili ya haki, na kuna kuandika kwa ajili ya kukamua. Mtume (s.a.w.) amekemea vikali tozo za dhulma zinazotozwa wafanyabiashara, ambazo maulamaa huziita maksi. Isitoshe, wazee wetu hawajasahau Sheria ya Nguvu Kazi ya 1983, ambapo asiye na kitambulisho cha kazi alikamatwa mjini na kurudishwa kijijini. Ukimwambia mtu aliyeyaona hayo ajiandikishe, anajiuliza anaandikwa ili asaidiwe au ili ajulikane pa kufukuzwa.

Desemba 2018 serikali ilianza kutoa vitambulisho vya wajasiriamali wadogo kwa shilingi 20,000, kwa wale ambao mauzo yao hayazidi milioni 4 kwa mwaka. Wakaambiwa mwenye nacho asibughudhiwe. Oktoba 2021 machinga wakaondolewa pembezoni mwa barabara za jiji, Kariakoo ikiwamo. Sisemi barabara zizibwe. Njia ina haki yake, na wapita njia nao ni waja wa Allah. Lakini aliyewahi kulipa kwa ahadi ile ana haki ya kuuliza alinunua nini.

Aya ndefu kuliko zote katika Qur'an, ya 282 ya Suratul Baqara, inahusu kuandikiana. Inamtaka mwandishi aandike kwa uadilifu, anayedaiwa ndiye atoe maneno ya kuandikwa, na mwandishi na shahidi wasidhuriwe. Maandishi hayo yanawafunga wote wawili. Jiji likiniandika, nami niwe nimeliandika: hapa ndipo mahali pangu, hii ndiyo ada na muda wake, na nikihamishwa niambiwe mapema na nionyeshwe pengine panapofikiwa na wateja. Kwa masharti hayo nasema jiji lina haki, na muuzaji akikataa kuandikishwa ndiye mwenye makosa. Bila masharti hayo, namuunga mkono mzee wa pili.

Niliwaambia hivyo. Kisha nikawasimulia habari ya mama wa mwanafunzi wangu, mama ntilie. Asubuhi moja alilipa ushuru, adhuhuri mgambo wakaja wakabeba masufuria yake na wali ndani yake. Alinijia na risiti nimsomee, akiamini kuwa itamrudishia vyombo. Niliisoma mbele na nyuma. Ilikuwa na tarehe na kiasi cha fedha. Jina lake halikuwamo.