Sifa za Motokaa za Kijerumani

Ulizo la kwamba watengenezaji wa motokaa wa Ujerumani wangali wanastahili sifa yao ya ubora wa ufundi aghalabu huulizwa kama ulizo la sokoni, na mjibuji hutazama bei na miaka ambayo gari limedumu. Mimi naliona kuwa ni ulizo la maadili kwanza. Kupata sifa si kuistahili. Mtu aweza kuipata kwa bahati, kwa urithi au kwa kelele; lakini kuistahili kwataka tendo lake mwenyewe, na tendo la babu halitoshi.

Wako wasemao kwamba ustadi umo katika damu ya taifa hilo. Hao wamesahau kwamba mwaka 1876, wakati wa maonyesho ya Philadelphia, mwanachuoni wa Kijerumani Franz Reuleaux aliandika kuwa bidhaa za nchi yake ni rahisi na mbovu. Mwaka 1887 Bunge la Uingereza lilitoa sheria ya kuzitia bidhaa za kigeni alama ya nchi zilikotoka, ili mnunuzi ajihadhari na visu vya Kijerumani vilivyojifanya vya Sheffield. Alama iliyokusudiwa kuwa ya aibu ikageuka kuwa ya fahari. Haikugeuzwa na damu wala hotuba, bali kazi.

Kazi hiyo ilikuwaje? Carl Benz alipata hati ya kulinda ubunifu wa gari lake la magurudumu matatu mwaka 1886, lakini wanunuzi hawakuja. Agosti 1888 mkewe, Bertha, alilichukua gari pasipo kumwarifu, akafuatana na wanawe wawili kutoka Mannheim mpaka Pforzheim, mwendo wa zaidi ya kilomita 100. Mafuta aliyanunua katika duka la dawa mjini Wiesloch. Husimuliwa kuwa bomba lilipoziba alilizibua kwa pini ya kofia, na breki zilipolika alimwendea mshona viatu azivike ngozi. Vilimani gari lilishindwa, likasukumwa. Baadaye liliongezwa gia ya kupandia. Msingi wa sifa yote iliyofuata nauona katika safari hiyo kuliko katika hati: njia iliachwa iseme kweli juu ya gari, na fundi akasikiliza. Matunda ya usikivu huo ni mengi, na mojawapo ni breki zisizokaza magurudumu katika utelezi, ambazo Bosch na Mercedes-Benz walizileta mwaka 1978, na ambazo leo zimo katika magari ya mataifa mengi.

Sasa tutazame njia iliposema kweli na fundi asitake kusikia. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha West Virginia walipima moshi wa magari matatu ya dizeli ya Kijerumani katika barabara za Marekani. Ndani ya chumba cha majaribio yote yalitii sheria. Barabarani, mawili ya Volkswagen yalitoa oksidi za naitrojeni mara nyingi kupita kiasi kilichoruhusiwa, moja lao hata mara 35. La tatu, la BMW, lilikuwa ndani ya sheria kwa sehemu kubwa ya safari. Septemba 2015 serikali ya Marekani ilitangaza sababu. Programu iliyofichwa ndani ya gari ilitambua, kwa namna usukani ulivyokaa, kwa kasi na kwa muda wa mwendo, kwamba gari limo mtihanini, ikausafisha moshi. Mtihani ukiisha, ikaulegeza usafishaji. Kampuni ilikiri kuwa magari yapatayo milioni 11 duniani yalikuwa na programu hiyo.

Watetezi husema kuwa hilo ni kosa la uaminifu, si la ufundi, kwani mitambo ile ilikuwa imara. Hoja hii ina nguvu kuliko idhaniwavyo. Ikiwa ubora wa chombo ni kutimiza alichokusudia mtengenezaji, basi programu ile hapana budi isifiwe, maana ilitimiza kwa miaka. Hapo ndipo maana hiyo ya ubora inapoanguka. Chombo hupimwa kwa haja ya anayekitumia, na ya yule apitaye kwa miguu akivuta hewa nyuma yake.

Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Methali hii twaisoma kama onyo juu ya kiburi. Nadhani yasema zaidi: mgema aliyesifiwa sana hana tena nafasi ya kusema kwamba leo mnazi umekauka. Wateja wamezoea vibuyu kumi, naye anavyo viwili. Volkswagen iliwaahidi Wamarekani dizeli safi, yenye nguvu na ya bei ya wastani. Kuusafisha moshi kwelikweli kulitaka gharama ambazo ahadi haikuzihesabu. Aliyepaswa kusema kuwa haiwezekani kwa bei hiyo alikuwa akifanya kazi chini ya jina lisilokubali neno hilo.

Wala si kampuni moja tu. Julai 2021 Tume ya Ulaya iliwatoza Volkswagen na BMW jumla ya euro milioni 875, kwa kuwa wao na Daimler, kati ya 2009 na 2014, walipatana wasishindane katika kuusafisha moshi kupita sheria ilivyodai, hali ufundi wa kufanya hivyo walikuwa nao. Daimler ilisamehewa kwa sababu ndiyo iliyofichua. Jambo hili laniudhi kuliko programu. Yule wa kwanza alishindwa akaficha. Hawa waliweza, wakanyamaza.

Kwa hiyo sikubali kwamba jina zima lingali linastahili, na mnunuzi anayelipa ziada kwa ajili ya nembo tu anamlipa marehemu. Lakini kazi mojamoja zaweza kustahili, na pengine mahali tusipotazamia. Mwaka 2024 BMW ilitangaza kuwa breki za magari yapatayo milioni 1.5, zilizotengenezwa na Continental, huenda zina kasoro, ikapunguza makadirio ya faida yake ya mwaka huo. Wengi waliihesabu habari hiyo kuwa pigo jingine kwa sifa ya Kijerumani. Mimi naiweka upande wa pili wa mizani: kasoro ilitajwa kwa jina lake, kwa hasara ya aliyeitaja.