Sikio la Serikali na Kazi ya Kijana

Mzazi mmoja wa Kikole, wilayani Kilwa, ametuletea swali ambalo twaona si lake peke yake. Mwanawe amemaliza kidato cha sita, amerudi kutoka Jeshi la Kujenga Taifa, na sasa analima ufuta pamoja na baba yake huku akingoja kazi. Akaja mtu aliyejitaja kuwa anafahamiana na wakubwa, akamwambia kijana kwamba ajira ya Serikali yaweza kupatikana upesi, mradi awe anampasha habari za walimu wa shule na za vijana wenzake wanaokutana barazani jioni: nani husema nini, na nani humsikiliza nani. Baba auliza: Je, mwanangu akubali? Na akikataa, atakuwa ameitupa nchi yake?

Swali hili halijibiki kwa neno moja, kwa maana ndani yake mna mambo mawili mema yaliyofungwa pamoja kwa kamba mbaya. Yafaa kwanza tuifungue kamba.

Jambo jema la kwanza ni usalama. Serikali isiyojua linalotendeka nchini haiwezi kumlinda mtu. Wakazi wa Kilwa hawana haja ya kufundishwa hili, kwani mwaka 2017 jirani zao wa Kibiti walizika viongozi wa vijiji waliouawa usiku, na tarehe 13 Aprili mwaka huo askari polisi 8 waliuawa wilayani humo kwa siku moja. Mtu akiona silaha zimefichwa akanyamaza, ukimya wake si upole. Ni kumwacha jirani afe. Basi kazi ya kuchunguza hatari na kuitahadharisha Serikali ni kazi halali, na Mkristo aweza kuifanya bila kuona haya. Bunge letu liliipa kazi hiyo msingi wa sheria mwaka 1996, lilipotunga Sheria ya Idara ya Usalama wa Taifa, ambayo ilirekebishwa mwaka 2023. Tena yafaa ikumbukwe kwamba sheria ile ilipotungwa ilisema wazi kuwa haikuwa kazi ya Idara kumchunguza mtu kwa sababu tu ameshiriki katika kupinga jambo kwa njia iliyo halali. Waliotunga maneno hayo walijua kwamba sikio lisilo na mpaka hugeuka kuwa mzigo kwa mwenye kulibeba.

Jambo jema la pili ni kumwelekeza kijana kwenye kazi. Ibara ya 22 ya Katiba yetu yatambua haki ya kila mtu kufanya kazi, na kwamba kila raia anastahili fursa sawa ya kushika kazi iliyo chini ya mamlaka ya nchi. Kwa ajili hiyo zimeundwa taasisi za umma. Vyuo vya ufundi vya VETA vimetokana na sheria ya mwaka 1994. Sheria ya mwaka 1999 ya kukuza huduma za ajira iliweka ushauri wa kazi miongoni mwa huduma hizo. Nayo Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma iliwekwa na marekebisho ya sheria ya mwaka 2007, ili nafasi zitangazwe na watu washindanishwe kwa sifa zao, wala si kwa ujomba.

Kila moja katika haya, likisimama mahali pake, ni jema. Ubaya waanza pale mkono unaoajiri unapoazimwa na sikio linalosikiliza. Hapo kijana haulizwi tena ana kipaji gani, bali ana habari gani. Ushauri ambao ulikuwa kwa faida yake huwa chambo, na haki ambayo Katiba imempa bure huuzwa kwake kwa bei ya majirani zake.

Pengine mtu atatuambia: Hiyo ni bei ndogo, ikiwa nchi itapata kujua mengi. Nasi twajibu kwamba nchi haitapata kujua mengi. Itapata kusikia mengi, na hayo si mamoja. Historia ya pwani hii yatosha kuwa shahidi. Wadachi walipotawala waliweka maakida. Akida alikusanya kodi, akasimamia kazi za shokoa, akaadhibu, na huyo huyo ndiye aliyekuwa sikio la bwana mkubwa. Ni nani angemweleza mtu wa namna hiyo uchungu wa kulimishwa pamba? Watu walimjibu alilotaka kusikia, na yaliyo moyoni wakayapeleka kwingine, kwa Kinjikitile kule Ngarambe. Mwezi Julai 1905 watu wa Nandete, katika milima ya Umatumbi, waling'oa pamba, na vita vya Maji Maji vikaanza. Kinjikitile alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti. Siku 10 baadaye Askofu Cassian Spiss aliuawa njiani karibu na Liwale, pamoja na mabruda wawili na masista wawili. Vita vilipokwisha mwaka 1907, pamoja na njaa iliyofuata, wakadiriaji wahesabu waliokufa tangu 75,000 hadi 300,000. Dola iliyokuwa na masikio kila tarafa haikuijua hasira ya raia wake mpaka moto ulipowaka.

Mfano wa pili watoka mbali, lakini ulitufikia. Ujerumani ya Mashariki ilikuwa na wizara ya usalama yenye watumishi zaidi ya 90,000, na juu yao wapasha habari wa siri zaidi ya 170,000: wanafunzi, walimu, jamaa wa nyumba moja. Taarifa zao ziliweza kumfungia kijana mlango wa chuo kikuu au wa kazi, naye asijue ni kinywa cha nani kilichomfungia. Mwaka 1964 maofisa wa wizara hiyo walifika hata Zanzibar kusaidia kuunda idara ya usalama. Dola ile, iliyojua kila lililonong'onwa mezani, ilianguka mwaka 1989 bila kuokolewa na majalada yake. Yalipofunguliwa kwa sheria ya mwaka 1991, watu walikuta humo majina ya rafiki zao, na wengine majina ya waume zao.

Je, tunasema kwamba Serikali isimchunguze anayeomba kazi? La hasha. Upekuzi wa mtu atakayeshika siri au fedha za umma ni busara. Hata sisi hatumkabidhi mtu sanduku la sadaka pasipo kuuliza habari zake. Lakini upekuzi nao una maadili yake. Uulize yanayohusu kazi, usiulize dini, kabila wala chama. Taarifa ya mtu mmoja mwenye chuki isihesabiwe kuwa ushahidi, na mwenye kukataliwa apewe njia ya kujitetea. Amri ya nane haikuacha nafasi kwa uongo ulioandikwa kwa siri. Na Nabothi, tukumbuke, aliuawa kwa ushahidi wa watu wawili waliokodiwa.

Na kijana aitwaye kwa njia iliyo halali katika kazi ya usalama, aende na dhamiri yake. Kutunza siri si kusema uongo. Daktari hutunza siri, na padre huitunza ya kitubio hata kufa. Ila ajue kwamba amri ya mkubwa haigeuzi dhambi kuwa wajibu. Mahakama ya Nuremberg iliwaambia hivyo mwaka 1946 wale waliojitetea kwamba walitumwa tu.

Sasa twamgeukia baba wa Kikole. Mzee wetu, mwambie mwanao mambo matatu. Akiona uhalifu, aende kwa polisi kwa jina lake mwenyewe, wala asingoje malipo. Akitaka utumishi wa umma, aombe nafasi iliyotangazwa, wala asimpe mtu yeyote fedha wala habari za jirani ili afunguliwe mlango. Mwenye kuuza mlango huo mara nyingi ni tapeli, na asipokuwa tapeli ni mharibifu wa utumishi. Na huyo aliyemtaka awauze walimu wake, amkatalie kwa adabu na kwa uthabiti.

Twajua kwamba pengine atalipia neno hilo kwa misimu kadhaa zaidi ya kupalilia ufuta. Hatuiti hasara hiyo ndogo, nasi hatuna kazi ya kumpa. Lakini jioni ataketi barazani na wenzake wakasema mbele yake lililo moyoni mwao, na nchi ambayo watu wake bado husemezana kweli haijapoteza usalama wake. Kijana huyo hakuitupa nchi yake. Ameitumikia kabla ya kuajiriwa nayo.