Joho la Kuazima

Picha nzuri kuliko zote nilizowahi kupigwa, nilipigwa nikidanganya.

Ilikuwa siku ya mahafali, nje ya lango la chuo nilichokuwa nimeacha miaka miwili kabla. Karo ilinishinda mwaka wa tatu, na baada ya karo, hamu nayo ikanishinda. Nyumbani Bungoma hakuna aliyejua. Mama alikuwa ameuliza kama aje, nikamwambia nauli ni ghali, nitamtumia picha. Rafiki yangu ndiye aliyekuwa anahitimu. Alipomaliza kupigwa picha na watu wao, alinivisha joho lake na kofia, akanisukuma chini ya mti penye kivuli, akanifanyia mzaha nisioweza kuuandika hapa. Nikacheka, akapiga. Kesho yake asubuhi picha hiyo ndiyo ilikuwa profaili ya mama kwa WhatsApp.

Sasa cheka kidogo: leo nakula kwa picha za profaili. Kuandika kwenyewe hakulipi kodi ya bedsita, kwa hivyo wikendi napiga watu picha kwa simu, shilingi 300 kila mmoja. Wengi wanatafuta kazi. Wachache wanatafuta mchumba. Wote wanataka kitu kimoja, yaani waonekane kama wao, lakini fiti.

Hapo ndipo swali langu lilipoanzia. Ukimfanya mtu apendeze kuliko alivyoingia mlangoni, umeshaanza kudanganya?

Mwanzoni nilijitetea kwa ufundi. Nafuta lenzi kwanza, kwa sababu simu hukaa mfukoni na jasho na mafuta ya chipsi, halafu mtu analaumu kamera kwa ukungu. Simtoi mtu kwenye jua la saa saba. Hapa kwetu karibu na ikweta jua hilo linakaa utosini na kuchimba mashimo meusi chini ya macho. Namsimamisha karibu na dirisha, uso ukielekea mwanga, au nangoja saa kumi na moja jioni tutoke nje. Halafu narudi nyuma kama mita moja na nusu na kuvuta picha mara mbili. Ukimsogezea mtu simu karibu, pua yake inavimba na masikio yanarudi nyuma. Si pua yake, ni umbali. Sasa niambie, yule wa selfi ya mkono mfupi na huyu wa mita moja na nusu, nani ndiye wa kweli? Mimi naona huyu wa pili, maana huo ndio umbali ambao watu humtazama wakiongea naye.

Na kamera yenyewe si shahidi asiye na upande. Kuanzia miaka ya 1950, Kodak ilikuwa ikizipa maabara za kusafisha picha kadi ya mwanamke mzungu, kadi iliyokuja kuitwa Shirley, ili wapimie rangi ya ngozi. Ngozi yake ikitoka sawa, basi mashine iko sawa. Sisi wengine tulitoka meno na macho tu. Simu za leo zimeboreka, lakini msimamishe mtu mweusi mbele ya ukuta mweupe uone: simu inapunguza mwanga ili kuutuliza ukuta, na uso unazama gizani. Ndiyo maana nagusa uso kwa kidole pale kwenye kioo, kisha napandisha mwanga kidogo. Huko si kumpendelea mtu. Ni kumrudishia alichonyang'anywa.

Ila kuna kupandisha mwanga na kuna kuchubua. Simu nyingi zinazouzwa hapa zinakuja na urembo umeshawashwa: ngozi inalainishwa kama plastiki na kupaushwa kabla hujaomba. Dada mmoja alikuja anatafuta kazi ya mapokezi. Nilimpiga, na usiku nikakaa nikimtengeneza. Alikuwa na kovu kidevuni, nikalitoa. Nilidhani namfanyia hisani. Akaivuta picha kwa vidole viwili, akainyamazia, kisha akauliza, "Na kovu langu umelipeleka wapi?"

Tangu siku hiyo nina kanuni. Chunusi naitoa, maana wiki ijayo haipo. Kovu naliacha. Kitakachokuwepo siku ya mahojiano lazima kiwepo kwa picha. Kanuni safi, inalala vizuri kichwani. Shida yake ni kwamba haigusi joho.

Picha yangu ya mahafali haina uongo hata chembe. Hakuna kilichopaushwa wala kulainishwa. Uso ni wangu, kicheko ni changu, kivuli cha mti ni cha kweli. Ukimpa fundi wa kompyuta aichunguze mpaka kesho, atakwambia haijaguswa. Na bado hakuna picha niliyotengeneza iliyodanganya watu wengi kama hiyo. Binamu yangu wa kidato cha nne aliniandikia kuuliza achague kozi gani, "kwa vile wewe ulifika." Nilimjibu aya tatu. Nilikuwa na haya, lakini nilimjibu.

Nilijaribu kujifariji na Seydou Keïta, yule mpiga picha wa Bamako, Mali, aliyefungua studio yake mwaka wa 1948. Studioni aliweka suti, saa za mkononi, redio, hata pikipiki, na mteja alichagua atakachopigwa nacho. Leo picha zile zinaning'inia katika makumbusho ya dunia na hakuna anayewaita wale watu matapeli. Joho langu lina tofauti gani na saa ya Keïta? Nililishika wazo hilo kwa miezi. Lakini nadhani wengi waliokwenda pale walijua studio ina saa. Ulikuwa mchezo wenye milango wazi. Mimi mlango wangu niliufunga, na ufunguo nikamwachia mama bila yeye kujua kwamba anao.

Ndivyo nilivyodhani.

Agosti alikuja Nairobi kwa matibabu ya macho, akalala kwangu siku nne. Siku ya tatu akasema nimpige picha, amechoka kuulizwa kwa kikundi cha chama kwa nini hana sura yake. Nilimketisha kwenye ndoo iliyopinduliwa karibu na dirisha, nikafuta lenzi kwa shati, nikarudi mpaka mgongo ukagusa mlango. Chumba ni kidogo. Alinyoosha leso, akatazama kamera moja kwa moja, vile anavyomtazama muuza nyanya anayepunja.

"Geuka kidogo, mama."

"Nageuka. Na lile joho, baba, lilikuwa la nani?"

Nilibaki nimeshika simu.

"Kofia ilikuwa kubwa," akasema. "Kichwa chako nakijua, nimekinyoa miaka kumi na miwili. Tena mwaka wote ule hukuwahi kuomba hela ya mtihani."

Nikamuuliza kwa nini basi aliiweka, na watu wote wakaiona. Akafikiri. Akasema alikuwa akingoja nimwambie, na alipoona nachelewa, akazoea. Halafu akasema binamu yangu lazima nimpigie mwenyewe, hilo yeye hatalibeba. "Sasa nipige. Na usinitoe makunyanzi."

Nilipiga saba. Ya nne ndiyo iliyotoka vizuri, sikuigusa. Usiku kabla ya kulala aliiweka yeye mwenyewe, polepole, miwani ikiwa puani. Ile ya joho hakuifuta. Nimeona bado iko kwa simu yake.

Binamu nilimpigia Jumapili. Hakushika. Nitajaribu tena kesho.