Pedi na ndiva

Kuhusu gemu, wazazi wa Same wamegawanyika kambi mbili, na zote mbili zinanichosha. Kambi kubwa inasema gemu zinaharibu akili za watoto. Pita jioni kwenye vibanda vya karibu na stendi utaisikia: mama kasimama mlangoni, fimbo mkononi, anaita jina la mtoto kwa sauti ambayo hata kondakta wa basi la Arusha anageuka. Kambi ndogo ni ya waliosoma jambo kwenye simu: gemu zinanoa ubongo, mwache acheze, huenda akawa daktari wa upasuaji.

Hawa wa pili hawakuzua. Mwaka 2003 Shawn Green na Daphne Bavelier wa Chuo Kikuu cha Rochester, Marekani, waliandika katika jarida la Nature kwamba wachezaji wa gemu za mapambano huona mengi kwa mara moja, na hukidaka upesi kitu kinachochomoza pembeni mwa macho. Ili asitokee mtu wa kusema kwamba wenye macho hayo ndio wanaopenda gemu tangu mwanzo, wakachukua watu wasiocheza, wakawapa gemu ya vita saa moja kwa siku kwa siku kumi, na wengine wakawapa Tetris. Wa vita wakapiga hatua zaidi. Mwaka 2007 ikaja habari ya madaktari. James Rosser na wenzake huko New York waliwapima madaktari 33 katika mazoezi ya upasuaji wa matundu madogo, ule ambao macho yako kwenye skrini huku mikono ikiongoza vyuma virefu. Waliokuwa wamewahi kucheza zaidi ya saa tatu kwa wiki walifanya makosa pungufu kwa asilimia 37 na wakamaliza upesi zaidi kwa asilimia 27.

Lakini tazama kazi yenyewe. Skrini mbele, mikono chini, kitu kidogo cha kukamata. Hiyo ni gemu kasoro muziki tu. Tena huenda wenye mikono myepesi ndio waliovutwa na gemu tangu utotoni. Mwaka 2018 Giovanni Sala na wenzake walikusanya tafiti nyingi za namna hii na kuzipima kwa pamoja, wakakuta kwamba kumfundisha mtu gemu hakumwongezei kitu cha maana katika uwezo wa akili kwa jumla. Anayecheza anakuwa hodari wa gemu, na wa mambo yanayofanana sana na gemu.

Hodari kweli, lakini. Siku moja nilisimama nyuma ya kijana aliyekuwa anacheza FIFA kwenye kibanda, pedi imechakaa mpaka alama za vitufe zimefutika. Vidole gumba vyake vilikuwa na akili yake vyenyewe. Nikamuuliza anautazamaje mpira unaokwenda kasi vile. "Mzee, mpira siuangalii," akanijibu bila kugeuka. "Naangalia beki anakotoka." Shikamoo alinipa mechi ilipokwisha.

Umakini ule si wa kudharau. Ila ni umakini unaoitwa: kila nukta kitu kinalia, kinawaka, kinakuzawadia au kinakuadhibu. Huku kwetu kuna umakini mwingine ambao hakuna anayeuita. Nenda Bangalala kwenye ndiva ya Manoo, bwawa la kumwagilia mashamba. Usiku maji ya kijito yanakusanyika bwawani, asubuhi yanafunguliwa yashuke kwenye mifereji, na kila mtu ana zamu yake. Ukifika kwenye zamu unasimama na jembe shambani, unatazama maji yanavyotambaa, unaziba hapa, unafungua pale. Kwa muda mrefu hakitokei kitu. Kisha ukingo unabomoka kidogo tu, na usipouona maji yako yamekwenda kwa jirani. Hakuna king'ora wala pointi. Waliokwenda msaragambo, kazi ya pamoja, wa kuzoa tope la ndiva wanajua kwamba kuchoka kwa kusubiri ni kazi kama kuchoka kwa jembe.

Umakini huo wa pili ndio ninaouhofia, na siuhofii kwa sababu gemu zinauua. Sijaona ushahidi huo. Nauhofia kwa sababu unalelewa kwa saa, na saa za mtoto baada ya shule ni chache. Shirika la Afya Duniani liliidhinisha mwaka 2019 kuuweka uraibu wa gemu katika orodha yake ya magonjwa, lakini kipimo chake ni kikali: mtu ameshindwa kujizuia, gemu imetangulia mambo yake yote, na anaendelea ingawa yanaharibika, kwa kawaida kwa miezi 12 au zaidi. Watoto wengi wa vibandani hawamo humo. Fimbo ya yule mama haitibu ugonjwa. Inadai tu mtoto arudi akachote maji, na hapo niko upande wake.

Dereva mmoja wa bodaboda aliniapia kwamba kona za kupanda Mbaga amefundishwa na gemu za magari. Nikamwambia kona za Mbaga amefundishwa na kona za Mbaga. Akacheka, akawasha pikipiki, nami nikapanda, nimeshika chuma cha nyuma kwa mikono yote miwili.