Nyuki, Maua na Mzinga

Je, mwanamuziki anayepiga ngoma leo, rumba kesho, na taarabu keshokutwa, ni mtu mwenye utamaduni, au ni mpangaji asiye na nyumba? Swali hili twalisikia mara nyingi hapa Mzinga, chini ya milima ya Uluguru. Wahenga walinena kwamba mshika mbili moja humponyoka. Na onyo la wahenga halipuuzwi.

Swali lenyewe ni la taifa zima. Tarehe 10 Desemba 1962, Mwalimu Nyerere alipotangaza kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, alisikitika kwamba wasomi wengi walijua dansi za kigeni, ilhali hawakujua gombe sugu wala mangala. Lakini katika hotuba hiyo hiyo alionya kwamba taifa linalokataa kujifunza kwa wengine halina busara. Wako walioshika nusu ya kwanza ya maneno hayo, wakaiacha ya pili.

Tumtazame mwana wa Morogoro, marehemu Mbaraka Mwinshehe. Alipiga gitaa, tena alitunga na kuimba. Mwaka 1970 yeye na wenzake wa Morogoro Jazz walikwenda Osaka, Japani, kwenye Maonyesho ya Dunia. Mwaka 1973 akaanzisha Super Volcano. Na Januari 1979 akafariki kwa ajali ya gari Mombasa. Gitaa halikuchongwa Uluguru, na mtindo wa rumba ulitufikia katika sahani za santuri kutoka Kuba na Kongo. Hata hivyo, Dk. Kleruu, Mkuu wa Mkoa wa Iringa, alipouawa tarehe 25 Desemba 1971, ni gitaa hilo lililomlilia kwa Kiswahili. Nani atathubutu kusema kwamba kilio kile kilikuwa cha kigeni?

Tutazame pia selo, fidla kubwa inayoshikwa baina ya magoti. Asili yake ni Ulaya, nayo iliingia katika taarabu ya Unguja kwa kufuata mfano wa Misri. Mpigaji aliyefunzwa muziki wa Kizungu, akitaka kukaa katika safu ya taarabu, hana budi kuwa mwanafunzi upya. Kwani maqamu yana sauti zisizopatikana katika kinanda cha Kizungu. Vidole vilivyozoea hujifunza kusita, na sikio hujifunza unyenyekevu.

Hapo ndipo tunapoona jibu. Kosa halimo katika kupiga aina nyingi za muziki, bali katika kuchukua pasipo kujifunza. Anayebandika mlio wa ngoma juu ya wimbo wake kama urembo, asijue ngoma hiyo huchezwa lini wala kwa sababu gani, huyo ndiye mpangaji. Naye aweza kuwa mwenyeji aliyezaliwa papa hapa.

Nyuki hutua juu ya maua mengi, wala hatumwiti mzururaji, kwa kuwa jioni hurudi mzingani na alichokichuma. Basi enyi walimu na wanafunzi, msimwulize msanii ametua juu ya maua mangapi. Mwulizeni amejifunza kwa nani, na amerudi nyumbani na nini.