Chombo Kizuri na Matumizi Yake

Katika nyumba nyingi za Busia na Malaba lipo kabati la vioo, na ndani yake zimepangwa sahani nyeupe zenye maua ya buluu. Akija mgeni hushushwa. Akiondoka hurudishwa mahali pake, na watoto wa nyumba huendelea kunywa uji katika vikombe vya plastiki, vile vinavyouzwa kando ya njia ya malori. Nakuuliza, msomaji: ni haki kilicho bora kiwe cha mgeni peke yake?

Desturi hii si ngeni. Waungwana wa Lamu walijenga zidaka ukutani wapange kauri zilizotoka ng'ambo, na katika pwani yetu wako wafu ambao makaburi yao yalipambwa kwa mabakuli ya Kichina. Huko Japani, katika mji wa Arita, mafundi hutengeneza kauri tangu karne ya 17. Huchora kwa kobalti, madini yatoayo rangi ya buluu, kisha hupaka juu yake maji ya madini ambayo motoni hugeuka kioo. Baadhi ya vyombo vile Waholanzi walivisafirisha hadi Ulaya. Vingine viliwekwa mbele ya watu wa kawaida kila siku, navyo vikalika kwa kuoshwa. Yanagi Soetsu, aliyefungua jumba la sanaa za watu huko Tokyo mwaka 1936, alishikilia kwamba uzuri wa chombo huzaliwa katika kutumika kwake. Ni ajabu kidogo kuwa mtu wa rai hiyo alijenga jumba la kuviweka visitumike!

Atasema mtu: maskini aliyeachiwa na mama yake sahani moja, ikivunjika atapata wapi nyingine? Hoja hii ni nzito, wala siidharau. Kuihifadhi sahani ile si majivuno, ni kumbukumbu. Lakini sahani kumi na mbili zilizonunuliwa dukani si kumbukumbu ya mtu. Hapo mwenye nyumba amekwisha kuamua, pengine bila kujua, kwamba wanawe hawastahili. Tena mtoto asiyepewa ila kikombe kisichovunjika, atajifunza wapi kushika kwa uangalifu?

Tazama mtungi wa maji. Wanawake wafinyanzi wa magharibi hawahitaji gurudumu. Huviringa udongo kama kamba, huuzungusha na kuupandisha kwa mkono, kisha hukichoma chombo uwanjani kwa kuni na nyasi. Maji hupenya kidogo kidogo katika vitundu vya udongo, na yakaukapo nje huyapoza yaliyo ndani. Mtungi uliowekwa mtupu haupozi kitu. Nao ukivunjika, wako wafinyanzi waokotao vigae vyake, wakavitwanga, wakavichanganya na udongo mbichi, ili chungu kipya kisipasuke motoni.